Kijitabu cha njama cha 1679: usimtafute mwandishi, mtafute shahidi wa pili

Swali. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Uingereza ya Charles II. Nimepata picha za kijitabu cha kurasa nane, mwaka 1679, kinachodai kufichua njama ya kumuua mfalme. Hakina jina la mwandishi wala la mchapaji. Vitabu ninavyosoma vinataja njama juu ya njama: ya Wakatoliki, ya pipa la unga, ya Rye House, ya 1696. Nitajuaje ipi ilikuwa kweli na ipi ya kutungwa, na hiki kijitabu changu nikitumie vipi?

Jibu. Swali la kweli au uongo liweke mwisho. Anza na karatasi yenyewe, kisha nenda mahakamani. Kijitabu cha miaka ile mara nyingi hakikuwa habari kuhusu njama. Kilikuwa sehemu ya njama, kama barua iliyofichwa au kiapo kilichonunuliwa. Ukikisoma kama gazeti kitakupoteza.

Karatasi kwanza. Kurasa nane zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Kama ni kwato (quarto), yaani umbo la mraba mraba, hiyo ni karatasi moja ya kiwandani iliyochapwa kurasa nne kila upande, ikakunjwa mara mbili, ikakatwa kingo. Kama ni folio, umbo refu, hizo ni karatasi mbili, kila moja imekunjwa mara moja. Tazama chini ya ukurasa wa 5: ukiona herufi B, karibu hakika una folio ya karatasi mbili. Ukiona A3 au hakuna kitu, ni kwato. Kama picha ni nzuri, angalia pia mistari ya waya, ile michache yenye nafasi kubwa kati yake (chain lines), iliyoachwa na chekecheo la mtengeneza karatasi. Kwenye folio imesimama, kwenye kwato imelala. Jambo hili si la urembo. Bei ilikwenda kwa karatasi, takriban peni moja kwa karatasi moja, kwa hiyo umbo linakuambia mchapaji alimlenga mnunuzi gani.

Hesabu na muda. Mtambo wa mkono uliendeshwa na watu wawili, mmoja akipaka wino kwa mipira ya ngozi, mwenzake akivuta mkono wa mtambo. Kipimo chao cha kazi kilikuwa karatasi 250 kwa saa, upande mmoja. Nakala 1,000 za karatasi moja ni pande 2,000 za kuchapwa, yaani saa nane za kazi, ukiongeza muda wa kupanga herufi na kukausha. Kijitabu kama chako kingeweza kuwa mtaani siku ya pili baada ya kuandikwa. Mwenye haraka, au mwenye hofu, aliugawa mswada kwa wachapaji wawili: kazi iliisha upesi, na hakuna hata mmoja aliyeona maandishi yote. Ukiona herufi za kurasa za mwanzo hazifanani na za mwisho, au kurasa za mwisho zimebanwa ili maneno yaenee, fikiria hilo kabla hujafikiria uzembe.

Tarehe huwaangusha wengi. Mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Kitu kilichoandikwa "10 Februari 1679" kwa hesabu yetu ni Februari 1680, ingawa wapo walioandika 1679/80 kuondoa utata. Juu ya hapo, kalenda yao ilikuwa nyuma ya ile ya Ufaransa kwa siku kumi, na wachapaji walikuwa na tabia ya kukiandikia kitabu cha Novemba au Desemba mwaka unaofuata ili kionekane kipya muda mrefu. Kwa hiyo "1679" yako peke yake ina upana wa miezi kama kumi na sita. Chunguza kama kuna maandishi ya mkono juu ya ukurasa wa kwanza. Narcissus Luttrell alikuwa akinunua vijitabu vya siasa London miaka hiyohiyo, na kwenye nakala zake nyingi aliandika siku aliyoipata na bei aliyolipa. Nakala yenye mkono wake ni dhahabu.

Sasa kuhusu kukosekana kwa jina. Sheria ya 1662 ilitaka kila kitu kipate kibali kabla ya kuchapwa na kibebe jina la mchapaji. Iliweka pia ukomo wa wachapaji wakuu 20 jijini London, mbali na wachapaji wa mfalme, na mkaguzi wa mitambo ya uchapaji, Roger L'Estrange, aliwaendea hadi vyumbani usiku wa manane. Bunge lilipoahirishwa mwishoni mwa Mei 1679 bila kuihuisha, sheria hiyo ikafa. Ilirudishwa 1685, ikafa kabisa 1695. Kwa hiyo kama kijitabu chako ni cha kabla ya katikati ya 1679, kutokuwa na jina ni kukwepa kibali. Kama ni cha baadaye, maana yake inabadilika: hapo mchapaji anaogopa kesi ya uchochezi, na katika kesi hiyo kuthibitisha kwamba ulichochapa ni kweli hakukukinga. Benjamin Harris alitozwa pauni 500 na kufungwa kwenye mkatale mapema 1680 kwa kuuza kijitabu kilichowaelekeza wananchi kwa Duke wa Monmouth, mtoto wa nje wa mfalme. Na neno "Amsterdam" kwenye jalada usiliamini hata kidogo. Andrew Marvell alishambulia utawala wa kiimla katika kijitabu cha 1677 kilichodai kuchapwa Amsterdam, nacho kilikuwa kazi ya London.

Sababu ya moto wote huu unaijua: Charles hakuwa na mtoto wa ndoa, na mrithi wake alikuwa mdogo wake James, Duke wa York, Mkatoliki. Kati ya 1679 na 1681 Mabunge matatu yalijaribu kumwondoa James kwenye urithi. Waliotaka aondolewe wakaitwa Whig, waliomtetea wakaitwa Tory. Kila upande ulihitaji njama ya upande wa pili.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na naomba uishike kuliko kitu kingine chochote nilichoandika. Tangu karne ya 16, mtu hakuweza kutiwa hatiani kwa uhaini mpaka kuwe na mashahidi wawili. Majaji wa wakati wa Charles waliilegeza: haikuwa lazima wawili hao waone tendo lilelile, ilitosha kila mmoja aseme tendo lake la uhaini huohuo. Mshtakiwa hakupewa nakala ya mashtaka, hakuruhusiwa wakili wa kubishana juu ya ushahidi, na mashahidi wake hawakuapishwa, kwa hiyo maneno yao yalikuwa mepesi mbele ya wazee 12 wa baraza, yaani raia waliokaa mahakamani kuamua hatia (jury), si Baraza la mfalme. Katika hali hiyo shahidi mmoja hakuwa na faida kubwa. Wa pili ndiye aliyekuwa na bei. Kila ukikutana na njama ya miaka hii, uliza: shahidi wa pili alitoka wapi, alitokea lini, na kabla hajatokea alikuwa amesoma nini?

Mpime kwa swali hilo Titus Oates. Mwaka 1678 alifukuzwa chuo cha Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, cha St Omer ng'ambo ya bahari, akarudi London na kushirikiana na kasisi wa Kianglikana Israel Tonge, mtu aliyewachukia Wajesuiti kwa moyo wote. Wakaandika vifungu 43 vya njama: Papa na Wajesuiti wamepanga kumuua Charles na kumweka James. Tarehe 13 Agosti 1678 mtu wao alimdokeza mfalme akiwa matembezini katika bustani ya St James's. Mfalme hakutishika. Ndipo zikatokea barua tano kwa posta huko Windsor, zimeandikwa kwa Padri Bedingfield, muungamishi wa James, zikizungumza mambo ya njama kana kwamba wahusika wanapeana habari. Zilikusudiwa zikamatwe njiani. Bedingfield akazipata mwenyewe, akashangaa, akampelekea James, naye akampelekea mfalme. Mwandiko ulikuwa wa kughushi waziwazi.

Mwishoni mwa Septemba Oates aliitwa mbele ya Baraza la mfalme. Alidai alikutana na Don John wa Austria, mtoto wa nje wa mfalme wa Hispania, huko Hispania. Mfalme akamuuliza mtu huyo anafananaje. Oates akajibu: mrefu, mwembamba, mweusi wa nywele. Charles alikuwa amewahi kumwona Don John, naye alikuwa mfupi na mweupe. Kwa macho ya leo kesi ingeishia hapo.

Haikuishia hapo kwa sababu mambo mawili yalimwangukia Oates kama mvua ya kiangazi. La kwanza, alimtaja Edward Coleman, katibu wa mke wa James. Nyumba ya Coleman ilipopekuliwa zikapatikana barua zake halisi kwa muungamishi wa Louis XIV, akiomba fedha za Ufaransa ili kuurudisha Ukatoliki Uingereza. Hazikuwa na neno la kumuua mfalme, lakini zilikuwa za kutisha za kutosha. La pili, hakimu Sir Edmund Berry Godfrey, ambaye Oates na Tonge walikula kiapo mbele yake, alitoweka 12 Oktoba. Siku tano baadaye alikutwa mtaroni Primrose Hill, upanga wake mwenyewe umempenya, shingoni alama za kukabwa, fedha zake zingali mfukoni. Aliyemuua hajathibitishwa hadi leo. Lakini London yote ilikuwa na jibu lake mara moja: Wakatoliki.

Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 500, na shahidi wa pili akatokea: William Bedloe, tapeli wa farasi na fedha, kutoka Bristol. Soma maelezo yake kwa mpangilio wa siku, usiyasome kwa pamoja. Siku ya kwanza anajua machache. Kesho yake anajua mengi. Kadiri vijitabu na uvumi vinavyoenea, ndivyo kumbukumbu yake inavyonenepa. Oates naye ni hivyohivyo: vifungu 43 vilikuwa 81 aliposimama rasmi, na 1679 vikachapwa kwa idhini ya Nyumba ya Mabwana, baraza la juu la Bunge. Kwenye Baraza alishindwa kumtambua Coleman aliyesimama mbele yake. Mahakamani, wiki chache baadaye, akadai taa za mishumaa zilimchanganya macho. Coleman alinyongwa 3 Desemba 1678 kwa viapo vya watu hao wawili.

Kuna jambo moja hapa ambalo huonyesha jinsi uongo unavyoweza kulindwa na ukweli. Oates alisema Wajesuiti walikutana 24 Aprili 1678 katika baa ya White Horse, barabara ya Strand, wakapanga mauaji. Mkutano wa Wajesuiti siku hiyo ulikuwepo kweli, wa kawaida wa shughuli zao za ndani. Lakini ulifanyika St James's, kwenye makazi ya James mwenyewe. Washtakiwa walijua Oates anasema uongo kuhusu mahali, na hawakuthubutu kusema mahali pa kweli, kwani wangemtosa mrithi wa kiti. Waliofika kutoka St Omer kuapa kwamba siku hiyo Oates alikuwa chuoni kwao ng'ambo ya bahari hawakuapishwa, tena walikuwa Wakatoliki, hivyo wazee wa baraza wakawapuuza. Ushahidi uleule ndio uliomtia Oates hatiani kwa kiapo cha uongo mwaka 1685, James alipokuwa mfalme. Alipigwa mijeledi kutoka Aldgate hadi Newgate, na siku mbili baadaye kutoka Newgate hadi Tyburn. Zaidi ya watu 20 walikuwa wameshauawa.

Mahali mtambo huu ulipokwama kwa mara ya kwanza ni kesi ya Sir George Wakeman, tabibu wa malkia, Julai 1679. Oates aliapa kuona mwandiko wa Wakeman kuhusu sumu. Karani wa Baraza, Sir Philip Lloyd, akasimama akaeleza kwamba Oates alipoulizwa na Baraza mwaka uliotangulia kama anajua jambo zaidi dhidi ya Wakeman, alisema hajui. Wale wazee 12 wakamwachia Wakeman. Vijitabu vya Whig vikageuka siku zilizofuata kumshambulia Jaji Mkuu Scroggs kwamba amehongwa. Kama kijitabu chako kinamtukana Scroggs, una tarehe yake ya mapema kabisa: baada ya 18 Julai 1679. Dokezo dogo kama hilo lina kazi kuliko mwaka uliochapwa kwenye jalada.

Tuje kwenye karatasi zilizopandikizwa. Shahidi wa pili akikosekana, karatasi ilijaribiwa badala yake. Oktoba 1679 Thomas Dangerfield, mtu aliyeingia na kutoka magerezani, alificha nyaraka za uhaini nyuma ya kichwa cha kitanda katika chumba cha Kanali Mansell, mtu wa upande wa Whig. Kisha akawadokeza wakaguzi wa forodha kwamba chumbani humo kuna bidhaa za magendo. Wakapekua, hawakuona kitu. Ikabidi Dangerfield mwenyewe awaelekeze kitandani. Tazama hapo: anayejua pa kutafuta ndiye aliyeweka. Alipobanwa akageuka, akasema Wakatoliki ndio waliomtuma, na upekuzi nyumbani kwa Elizabeth Cellier, mkunga Mkatoliki, ukatoa karatasi ndani ya pipa la unga. Jina la njama likatoka hapo. Cellier aliposhtakiwa kwa uhaini Juni 1680 hakuhangaika na maudhui ya karatasi. Alileta kumbukumbu za hukumu za Dangerfield kuonyesha kwamba kisheria hafai kuapa. Shahidi mmoja akaondoka, kesi ikaanguka. Kosa lake lilikuja baadaye: aliandika na kuuza kijitabu chake mwenyewe kueleza yote, akashtakiwa kwa kashfa, akatozwa pauni 1,000 na kusimamishwa mkataleni mara tatu huku umati ukimrushia mawe. Mahakama ilishindwa kumpata kwa uhaini, ikampata kwa kuchapa.

Mbinu hiyohiyo ilirudi 1692, safari hii kwa chungu cha maua. Robert Young alighushi hati ya kumrudisha James, aliyekuwa uhamishoni baada ya kupoteza kiti 1688, ikiwa na sahihi za kubuni za jenerali Marlborough na za Askofu Sprat wa Rochester, na mshirika wake Blackhead akaitia ndani ya chungu cha maua katika nyumba ya askofu huko Bromley. Wapekuzi walikagua vyungu, wasikague kile. Blackhead akarudi akaichukua, Young akaipeleka serikalini. Sprat alipokutanishwa na Blackhead mbele ya maofisa, alimhoji hatua kwa hatua mpaka akakiri. Ukisoma njama yoyote yenye hati iliyokutwa mahali, andika pembeni: nani aliyeikuta, upekuzi wa ngapi, na nani aliyeonyesha kidole.

Mwaka 1681 upepo uligeuka, na huu ndio mwaka ninaowashauri wanafunzi waukae sana. Stephen College, seremala na mtu wa Whig, alihusishwa na wimbo na mchoro uliomwonyesha mfalme kama mchuuzi aliyebeba Bunge sandukuni mgongoni. Jopo la awali London likasema hana kesi ya kujibu, kwa sababu masherifu wa jiji walikuwa Whig na wao ndio walioteua majopo. Serikali ikahamishia kesi Oxford. Waliosimama kumshtaki, akina Dugdale na Turbervile, walikuwa walewale walioapa dhidi ya Wakatoliki. Sasa waliapa dhidi ya Whig kwa ajili ya serikali ileile. Na aliyekuja kumtetea College, akisema Dugdale haaminiki, ni Oates! Maandishi ya utetezi ambayo College alitayarishiwa alinyang'anywa kabla ya kuingia mahakamani. Alinyongwa 31 Agosti 1681. Mtu akikuambia njama ya Wakatoliki ilikuwa ya kubuni kwa sababu mashahidi walikuwa wabovu, muulize basi kesi ya College aipime kwa kipimo gani.

Rye House, 1683, ni ngumu zaidi, na hapa sikubaliani na wanaoitupa yote. Mazungumzo ya kumvizia mfalme na mdogo wake wakirudi kutoka mbio za farasi Newmarket, wakipita karibu na nyumba hiyo huko Hertfordshire, yalikuwepo. Moto uliozuka Newmarket 22 Machi uliwarudisha mapema, na jambo likapita. Mfanyabiashara wa mafuta Josiah Keeling alipokwenda kutoa habari mwezi Juni, Katibu Jenkins alimwambia shahidi mmoja hatoshi. Keeling akamchukua kaka yake John, akampeleka kwa Goodenough, mmoja wa wapangaji, ili asikie mwenyewe. Umeona tofauti na Bedloe? Shahidi wa pili alitafutwa waziwazi, lakini alipewa kitu cha kusikia. Kiini cha njama kilikuwa halisi. Kilichotiwa chumvi ni kuwabeba ndani yake wakubwa ambao pengine walizungumza uasi lakini hawakupanga mauaji. Lord Russell, mmoja wa wakubwa hao wa Whig, alikatwa kichwa 21 Julai 1683, na hotuba yake ya mwisho ilikuwa ikiuzwa mitaani siku ileile, maana ilikuwa imeshachapwa.

Kwa Algernon Sidney, mwingine wa wakubwa hao, serikali ilikuwa na shahidi mmoja tu wa maana, Lord Howard. Jaji Jeffreys akapata wa pili juu ya meza ya Sidney: mswada usiochapwa, unaojibu hoja za mamlaka ya kifalme. Kuandika, akasema Jeffreys, ni kutenda. Sidney akauliza inakuwaje karatasi ambayo hakumwonyesha mtu iwe tendo la uhaini. Alikatwa kichwa 7 Desemba 1683. Sasa unaelewa kwa nini mwandishi wa kijitabu chako hakuweka jina.

Mambo ya 1688 nayapitia haraka, maana hapo hapakuwa na mahakama, karatasi tu. Mtoto wa James alizaliwa 10 Juni, na vijitabu vikasema aliingizwa kitandani kwa malkia ndani ya chombo cha shaba cha kupashia joto matandiko. James aliwakusanya mashahidi zaidi ya 40 mwezi Oktoba, akachapisha viapo vyao. Havikumfaa, kwani wengi walikuwa Wakatoliki au watu wa ikulu, na waraka wa William wa Orange, mkwe wake aliyekuja kumng'oa, uliochapwa Uholanzi, ulikuwa tayari njiani na meli zake.

Ukitaka kuona njama ya kweli inavyoonekana kwenye karatasi, nenda Februari 1696. Mpango ulikuwa kumvamia William III, yule William wa Orange aliyekuwa sasa mfalme, kwenye njia nyembamba karibu na Turnham Green, akirudi kuwinda Richmond siku ya Jumamosi. Jumamosi ya 15 ikashindikana, wakaahirisha hadi 22. Watoa habari watatu, Fisher, Prendergast na De la Rue, walifika kila mmoja kwa wakati wake, bila kupatana, na maelezo yao yakakutana kwenye siku, mahali na idadi. Kesi zikaanza upesi. Bunge lilikuwa limekwisha pitisha sheria mpya ya uhaini: wakili, nakala ya mashtaka siku tano kabla, mashahidi wa utetezi waapishwe. Lakini ilianza kutumika 25 Machi 1696. Sir William Parkyns, mmoja wa washtakiwa wa njama hiyo, alihukumiwa tarehe 24. Aliwasomea majaji maneno ya sheria hiyo akiomba wakili. Wakamjibu kwamba leo bado haijawa sheria.

Na hata sheria hiyo ilipokwisha kuanza, serikali ilipata njia ya kuikwepa. Dhidi ya Sir John Fenwick, mshtakiwa mwingine, walikuwepo mashahidi wawili, Porter na Goodman. Marafiki wa Fenwick wakamlipa Goodman akakimbilia Ufaransa. Shahidi akabaki mmoja. Bunge likaamua kumhukumu kwa kupitisha mswada wa sheria dhidi yake, bila kesi: 189 kwa 156 kwa wawakilishi, 68 kwa 61 kwa mabwana. Alikatwa kichwa 28 Januari 1697.

Turudi kwa kijitabu chako. Fanya hivi. Orodhesha kila jina la shahidi lililomo, na kando ya kila jina weka siku aliyotoa maelezo yake ya kwanza na zawadi au msamaha alioupata. Chukua maelezo hayo ya kwanza, si yale yaliyochapwa baadaye, uyalinganishe na kijitabu sentensi kwa sentensi; kilichoongezeka ndicho cha kuchunguza, na utafute kama kilikuwa kimeshachapwa mahali pengine kabla. Tafuta tukio la mwisho linalotajwa ndani: hilo ndilo tarehe yako ya mapema. La kwanza ambalo lingepaswa kutajwa lakini halimo ndilo tarehe yako ya mwisho, ingawa hilo la pili ni dhaifu zaidi. Kisha utafute jibu lake, kwani karibu kila kijitabu cha 1679 hadi 1681 kilijibiwa, na anayejibu mara nyingi anamtaja adui ambaye jalada limemficha. L'Estrange alifanya kazi hiyo kwa miaka katika gazeti lake, The Observator, kuanzia Aprili 1681, akinukuu maneno ya wapinzani kabla ya kuyararua. Vijitabu kadhaa tunawajua wauzaji wake kwa hasira yake tu.

Katika tasnifu usiandike "kijitabu kinathibitisha kuwepo kwa njama". Andika kinasema nini, kilikuwa na karatasi ngapi, kingeweza kutoka kati ya siku gani na siku gani, na wakati huo kesi ipi ilikuwa ikisubiri shahidi wa pili.